Besi ya umeme ya kusimama: shingo kupinda na sauti nyembamba

Fundi wa Tabora, umeuliza kwa nini shingo ya besi yako ya mninga imepinda mbele wiki chache baada ya kufunga nyuzi, na kwa nini sauti ni nyembamba kwenye miksa.

Nyuzi 4 za urefu wa sentimita 105 huvuta kwa zaidi ya kilo 100 kwa pamoja. Mninga unauweza mzigo huo ukiwa mkavu. Ili kujua umekauka, pima uzito wa ubao kila wiki. Ukikaa palepale mara 3 mfululizo, ndipo uanze kuranda. Pasua vipande 3, geuza cha kati ili mishipa ya mbao ipingane, gundisha kwa epoksi, kisha zamisha bomba 2 za chuma za mraba chini ya ubao wa vidole (unapobonyezea nyuzi). Ubao huo wa vidole acha ubonyee milimita 1 hadi 2 katikati, la sivyo uzi wa E, ule mnene kuliko zote, utaugonga. Shingo iliyopinda usiinyooshe kwa moto, itarudi tu. Chonga nyingine.

Sauti nayo: piezo (kihisi kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme) inataka ingizo lenye ukinzani wa megaomu 1 au zaidi, na laini ya miksa mara nyingi ni kiloomu 10 hivi, ndiyo maana sauti nzito za chini zinakufa. Weka priampu (kikuza sauti kidogo cha kutangulia miksa) ya FET, aina ya transista, ya volti 9 karibu na daraja linalobeba nyuzi, waya uwe mfupi.