Juzuu Amma nyumbani: tuliacha mbio tukaanza kurudia

Assalaam alaykum mama wenzangu na baba pia. Majirani hapa Langoni, Lamu, wananiuliza nafanya nini na kijana wangu wa miaka 8 mpaka Juzuu Amma, ile juzuu ya mwisho ya Qur'ani, imemkaa, wengine wanadhani nimemwekea mwalimu wa nyumbani, hapana, anaenda chuo (madrasa) kama watoto wote, na jioni ananisomea mimi.

Lakini nianze na nilipokosea. Mwaka jana kabla ya Ramadhani alikuwa ameshafika sura ya Abasa kutoka Naas, maana huanza na sura ya mwisho akirudi nyuma, na mimi kila wiki namsukuma sura mpya, zile za nyuma nikiona si ameshazimaliza. Siku moja bibi yake akamwambia, mjukuu wangu hebu nisomee Qul yaa ayyuhal kaafirun. Sura ya aya 6 tu. Akasoma vizuri mpaka wa laa antum aabiduuna maa a'bud, akarudi juu, akafika pale tena akarudi juu, mara ya tatu machozi yakamlengalenga. Ile aya imekuja mara mbili, ni ya 3 na ni ya 5, sasa kama sura haijakaa sawasawa ulimi haujui uko kwa ipi. Bibi hakumkaripia, alimshika mkono wakamaliza pamoja, lakini mimi usiku ule sikulala vizuri kwa sababu mtoto alifuata mwendo niliompa mimi.

Mtume (SAW) ametuambia Qur'ani huponyoka haraka kuliko ngamia kwenye kamba zake, iko kwa Bukhari na Muslim. Sisi tunaofunga punda na mashua twajua kamba ikilegea inakuwaje.

Basi tukabadilisha. Mpya ni kazi ya chuo, nyumbani ni kudurusu. Juzuu Amma ina sura 37, tumezigawa kwa siku 7, siku ya sura ndefu zinakuwa chache, siku ya fupi zinakuwa nyingi. Ni baina ya Magharibi na Isha, TV imezimwa na simu yangu iko mbali (hii ya simu ndiyo ilikuwa ngumu kwangu), dakika 20, akichoka tunaacha. Halafu ile sura ya leo anaisoma tena kwenye swala ya sunna, na hapo ndipo utajua kama imeingia kweli maana ndani ya swala hakuna mtu wa kumtilia neno.

Mwalimu wake alinipa sharti moja na naliona la maana sana: asihifadhi aya yoyote nyumbani kabla hajaisoma mbele yake. Kosa likishahifadhiwa kulitoa ni tabu mno. Watoto wetu qaf wanaifanya kaf bila kujua, anasema kul badala ya qul, na qul ni sema, kul ni kula! Mimi tajwidi yangu, yaani kuzitamka herufi za Qur'ani sawasawa, si ya kutegemea kwa hivyo tunasikiliza rekodi za Sheikh Mahmoud Khalil Al-Husary, anasoma taratibu, mtoto anamfuata bila kukimbizana. Na msahafu ni ule ule mmoja siku zote, usimbadilishie, jicho nalo linahifadhi, ukimuuliza atakwambia aya ile iko juu upande wa kulia.

Maana pia nampa kidogo, kisa cha Abraha na ndovu kwa Suratul Fiil, nasoma kwanza mwenyewe kwa tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ndio nisimbunie. Pesa kwa kila sura sitoi, na kiboko usikiguse kabisa.

Zinazofanana ndizo zinazotaka subira. Naazi'aat na Abasa zote zina mataa'an lakum wa li an'aamikum, ukipita hapo moja inaendelea na taammatul kubraa na nyingine na saakhkhah. Kijana wangu alikuwa anaanza Naazi'aat anamalizia Abasa na wala hajui. Nilimwambia asome aya 2 za kabla na 2 za baada, sura hii kisha ile, kila siku kwa wiki mbili, hivyo tu. Juzi bibi amemwomba Naazi'aat tumekaa dakani, akafika pale pale akanyamaza, akafumba macho, akatoa taammatul kubraa polepole. Bibi akamwambia endelea baba.

Leo usiku ni zamu ya Mutwaffifiin, aya 36. Bado inatusumbua pale kwa sijjiin na illiyyiin maana zote mbili zinafuatiwa na kitaabun marquum, kwa hivyo nakimbia nimalize kupika kabla ya adhana.