Maswali ya Kazi za Mikono: Nakshi Mpya Nitaitoa Wapi?

SWALI: Assalam aleikum. Nafuma vikoba vya kroshe kwa uzi wa pamba. Nakshi zote nazitoa kwenye simu, na wenzangu nao wanatoa huko huko, basi mteja haoni tofauti ya changu na cha jirani. Nataka nakshi iliyo yangu. Nianzie wapi? – Mfumaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Anzia kwenye milango ya Mji wa Kale, Mombasa. Shika barabara ya Ndia Kuu asubuhi au alasiri, jua likiwa limeinama, maana hapo kivuli huingia ndani ya michongo na nakshi huonekana vizuri. Saa sita mchana mbao zote huonekana bapa. Milango hiyo ni ya nyumba za watu, kwa hiyo toa salamu kabla ya kusimama na daftari.

Usijaribu kuchukua mlango mzima. Tafuta kitu kimoja: ua la duara kwenye mfaa (mbao ya katikati ya mlango), au mnyororo unaopanda kwenye miimo (mbao za kando za fremu). Uchore kwenye daftari la hesabu lenye viboksi, ndani ya viboksi 20 kwa 20. Kisichoenea kwenye kiboksi kimoja kiache. Kule kupunguza ndiko kunakoifanya nakshi iwe yako, kwa sababu watu wawili hawaachi vitu vile vile.

Sasa pima mkono wako kabla ya kufuma kikoba. Fuma kipande cha majaribio, ukihesabu vitanzi na safu katika sentimita 10. Tuseme umepata vitanzi 18 na safu 20. Ua lako la viboksi 20 litakuwa na upana wa sentimita 11 na urefu wa 10, yaani limekandamizwa kidogo. Dawa yake ni kurudia safu moja kila baada ya viboksi tisa, ufikie safu 22. Rudia mahali ambapo mchoro umenyooka. Ukirudia kwenye ncha ya jani, ncha itakuwa butu.

Jambo jingine linalowasumbua wengi ni kikoba kinachofumwa kwa mzunguko. Kwa anayetumia mkono wa kulia, vitanzi hulalia kulia kidogo kila mzunguko, na mstari uliosimama huishia umepinda. Nakshi yenye mistari wima ifume kwenda na kurudi, kisha ushone ubavu. Uzi wa rangi ya pili usiuvute unapoupitisha ndani, la sivyo kikoba kitabana katikati.

SWALI: Ukindu wangu nautia rangi ya unga ya dukani, lakini nikiupangusa kwa kitambaa kibichi rangi yatoka. Nikajaribu manjano ya jikoni, yakapendeza sana, kisha mkeka ulio karibu na dirisha ukapauka. – Msusi, Likoni

JIBU: Hayo ni maradhi mawili. La kwanza ni rangi kukaa juu bila kuingia. Ukindu una ngozi yenye nta, na maji ya uvuguvugu hayaipenyi. Chukua nusu kilo ya ukindu mkavu, uloweke usiku kucha. Koroga unga wa rangi kwenye kikombe cha maji moto mpaka usiwe na madonge, ndipo umimine kwenye sufuria yenye maji ya kuufunika ukindu wote. Chemsha dakika 45 ukigeuza, uache upoe humo humo, kisha suuza mpaka maji yawe meupe. Anika kivulini. Kuongeza unga kupita kipimo cha pakiti hakukolezi rangi. Kinachozidi ndicho kinachobaki juu na kuchafua nguo. Sufuria hiyo isirudi jikoni.

Maradhi ya pili hayana tiba. Manjano hupauka kwa jua hata ukiyatilia shabu. Tumia maganda makavu ya vitunguu maji, gramu 250 kwa ukindu huo huo. Waombe wauzaji wa Kongowea wakuwekee. Kwanza loweka ukindu kwenye chai nyeusi iliyokolea, halafu uchemshe na gramu 75 za shabu, ndipo uutie kwenye maji ya maganda. Utapata rangi ya dhahabu. Ukitaka kijivu au weusi, baada ya chai tia maji ya misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki, kidogo kidogo, maana chuma kikizidi ukindu hukauka na kuvunjika. Magome ya mkoko hutoa hudhurungi nzuri, lakini usiumenye mti ulio hai. Ukimenywa kuzunguka shina, unakufa.

Na jambo hili lijaribu kwa makusudi: funga fungu la ukindu kwa kamba, ukibana katikati, kabla ya kulitia rangini. Palipobanwa patabaki peupe. Ukindu huo ukichanwa na kusukwa, kila chane (kijiti chembamba cha ukindu) huwa na weupe wake mahali pake, na ukili (ukanda uliosukwa) hutoka na madoa ambayo hakuna anayeweza kuyaiga.

SWALI: Kitako cha kikapu changu cha ukili kinajikunja kuelekea juu. – Mwanafunzi, Changamwe

JIBU: Mwanangu, unavuta ukili unapoushona. Ukingo wa nje una mzunguko mrefu kuliko wa ndani, kwa hiyo ulegeze, ukiwa mbichi kidogo, na kila mizunguko miwili ulaze chini ya ubao mzito. Ukilegeza mno utafanya mawimbi. Halafu jaribu kuvuta kwa kusudi kuanzia mzunguko wa tano: utapata kawa la kufunikia chakula.

SWALI: Nina leso kuukuu tele, zimepauka lakini siwezi kuzitupa. – Bibi wa wajukuu, Majengo

JIBU: Shikamoo bibi. Zifanye uzi. Leso ya sentimita 150 kwa 110, ikichanwa vipande vya sentimita mbili na nusu, hutoa takriban mita 66. Ichane kwa mkono kwa urefu. Pamba huchanika kwa kufuata uzi wake na kunyooka kuliko mkasi. Ikivutika badala ya kuchanika, ndipo utumie mkasi. Usifikishe mwisho: bakisha sentimita mbili na nusu, kisha anza upande wa pili, ili uzi uwe mmoja bila mafundo. Fuma zulia kwa sindano ya kroshe ya milimita 10.

Vipande vya pindo vizungushe mpira wao, na vya mji (sehemu ya katikati ya leso) vizungushe wao. Anza zulia kwa mji, umalizie kwa pindo. Jina la leso likate mapema, zima, kabla ya kuchana chochote, ulishone kwenye mto.