Vinia za meno: kabla hujakubali jino likwanguliwe

Mimi nimekulia Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, chini ya mlima Muhabura pale, na kule watu wengi tunayo meno ya madoa. Maji ya nchi ya volkano mara nyingi yana madini ya floraidi kwa wingi, mtoto akiyanywa miaka ile meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi basi yanaota na madoa ya kahawia, na hata upige mswaki mpaka mkono uchoke hayatoki. Miaka yote nilicheka nimeziba mdomo kwa kiganja.

Nilipofika Kampala nikasikia habari za vinia, maganda ya kubandikwa mbele ya meno, nikaenda saluni moja, yaani saluni ya nywele kabisa, dada akanibandikia kitu cheupe kwenye meno manne. Haikumaliza mwezi. Nilikuwa namenya muwa kwa meno kama tunavyomenya wote, nikasikia ka! kipande nimekitema pamoja na makapi, na fizi zilikuwa zimevimba zamani maana gundi ilipakwa mpaka juu yake, na mswaki ulikuwa haupiti.

Daktari wa meno aliyenisafisha uchafu ule ndiye aliyenieleza vizuri. Vinia ni ganda jembamba la posleni (kauri) au la kompoziti (plastiki ngumu ya meno) linalobandikwa mbele ya jino tu, siyo kulizunguka lote. Ili likae bila kutokeza, mara nyingi anakwangua kidogo enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino, kama milimita 0.3 mpaka 0.7 hivi, halafu anachukua vipimo vipelekwe maabara. Wakati unasubiri unavaa za muda. Siku ya kubandika jino linapakwa asidi lipate mikwaruzo kidogo gundi ishike, linaoshwa, linakaushwa, gundi, kisha taa ya bluu ya kuigandisha. Mimi nakumbuka zaidi ule upepo wa kukaushia, baridi yake niliisikia mpaka sikioni.

Sasa ndugu zangu hapa ndipo nawaomba mtulie: enameli haioti tena. Ikishakwanguliwa jino hilo litahitaji kufunikwa maisha yako yote, na posleni yenyewe mara nyingi inakaa miaka 10 mpaka 15, kompoziti inawahi kuchoka, sasa kama una miaka 25 piga hesabu utazibadilisha mara ngapi, na bei ni ya kila jino.

Kwa hiyo anza na dawa ndogo. Mimi tulianza na kusugua madoa na kung'arisha, meno ya chini yakapendeza yakaachwa hivyo hivyo, vinia nikaweka sita za juu tu. Na rangi uichague kabla hazijatengenezwa, tena ukiwa karibu na dirisha, kwa sababu vinia haing'arishiki baadaye.

Zinamfaa mtu mwenye madoa yaliyogoma, jino lililomeguka ncha, au mwanya mdogo. Wale waliotolewa ebiino wakiwa wachanga, yaani kuchokolewa kienyeji vichipukizi vya chonge kwenye fizi, kama chonge liliota na kasoro ndogo linaweza kufunikwa, lakini kama halikuota kabisa hakuna pa kubandika, hapo ni matibabu mengine. Meno yaliyopandana sana yanataka nyaya kwanza. Fizi zinazotoka damu na meno yenye matundu yatibiwe kwanza, usikubali mtu afunike uozo. Ukiwa unasaga meno usingizini mwambie daktari mapema, utahitaji kinga ya kuvaa usiku, bila hivyo utazipasua.

Na uliza kama aliyeshika mashine amesajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno, uliza bila aibu, mdomo ni wako.

Mpwa wangu ana miaka 15, madoa yake ni kama yangu, ananipigia kila wiki, "Mjomba, lini?" Nimemwambia asubiri, jino lake bado changa na mshipa wa ndani uko karibu na juu, likikwanguliwa sasa litauma. Likizo hii nampeleka kusuguliwa madoa, na muwa nimeshamwambia tunamenya kwa kisu.