Kwadi Inapokata Nguvu Majini, Sikiliza Kwanza

Masika moja nilibadilisha plagi nne kwenye kwadi ile ile, na ugonjwa haukuwa kwenye plagi.

Kazi yangu ni kutembeza wageni kwa kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne, kutoka Malindi hadi Mambrui na kwenye matuta ya mchanga. Mvua za Aprili na Mei zikishika, njia za ndani za kuelekea Gongoni hujaa madimbwi ya kufika magotini. Kwadi hiyo, ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa), injini ya cc 250, ilikuwa ikipanda mchanga bila shida yoyote. Ikiingia maji marefu ilikwenda vizuri hatua kumi na tano hivi, kisha ikaanza kunyong'onyea, ikakohoa mara mbili, ikazimika. Nikiisukuma hadi pakavu na kungoja dakika mbili, iliwaka kana kwamba haikuwa na lolote. Mafundi wawili waliniambia plagi inalowa. Nikanunua plagi, nikanunua kofia ya plagi, mwisho nikanunua na koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja anayetengeneza mashine za boti. Hakushika spana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, inakatika ghafla au inakufa polepole?"

"Polepole, mzee."

"Basi moto wa plagi upo. Plagi ikilowa hukata kama umezima swichi. Hii yako inakosa mafuta."

Akachuchumaa, akapitisha kidole ubavuni mwa kabureta mpaka kwenye vipira viwili vyembamba kama mrija wa soda, vilivyoning'inia hadi usawa wa fremu. Ncha zake zilikuwa na tope kavu. "Hizi ndizo pua zake," akasema. "Umezizamisha, atapumua wapi?"

Ukitaka kuelewa, chukua dafu. Toboa tundu moja dogo uliinamishe: maji yanadondoka kidogo yanakwama. Toboa la pili, hewa iingie, maji yanamiminika. Bakuli la kabureta ni vivyo hivyo. Lazima hewa ya nje iingie ndipo mafuta yasukumwe kupanda kwenye jeti, kitundu kinachopitisha mafuta kwenda kwenye injini. Midomo ya vile vipira ikizama, injini inakwenda kwa sekunde chache tu, kisha mafuta hayapandi tena. Ukitoka majini vipira vinapata hewa, na ugonjwa unapona wenyewe. Ndiyo maana kila nilipoipeleka kwa fundi ilikuwa nzima, na ndiyo maana kila fundi alibahatisha.

Dawa yake ilikuwa mpira mwembamba wa mita moja na nusu na viungio viwili vya njia tatu, kwa pesa pungufu ya bei ya plagi moja. Kila kipira tulikikata juu kidogo, tukaweka kiungio, tawi moja likabaki chini kama lilivyokuwa, la pili tukalipandisha kando ya fremu hadi chini ya usukani, mdomo ukiangalia chini vumbi lisiingie. Angalia mpira usijikunje popote, na usiubane sana kwa kamba. Upo mpira mwingine unaotoka chini kabisa ya bakuli, wa kumwagia mafuta yakizidi. Huo usiuguse, kazi yake ni kushuka. Kama kwadi yako ni ya injekta, haina pua hizi, lakini tangi lake la mafuta nalo lina kipumulio. Hakikisha hakijazibwa na mchanga.

Swali la yule mzee ndilo ninalowauliza sasa wote wanaonipigia simu. Nguvu inapotea vipi? Kabla ya kufungua hata skrubu moja, kumbuka mlio.

Injini ikipiga kelele na kwadi haisogei, au inasogea kwa kujivuta, injini yenyewe ni nzima. Shida iko kwenye mkanda. Kwadi nyingi zisizo na klachi ya mkono huendeshwa na mkanda wa mpira unaozunguka puli mbili ndani ya kava ubavuni. Maji yakiingia humo mkanda unateleza. Wengi hapo huzidisha mafuta ili watoke, na hapo ndipo mkanda unapoungua. Ile harufu ya mpira ukiisikia, ujue mkanda tayari umeuharibu. Toka majini taratibu kwa gea ya chini, au shuka usukume. Chini ya kava kuna kizibo kidogo, kifungue maji yatoke, kifunge, weka nyutrali na uipe mafuta kiasi kwa dakika moja au mbili, upepo wa puli utaukausha mkanda. Kisha chunguza mipira mikubwa inayoingiza na kutoa hewa kwenye kava. Huku kwetu jua na chumvi huipasua kwenye mikunjo, na ufa wa ukubwa wa ukucha unatosha kujaza kava maji.

Ikikatakata, inashika inaachia, inashika tena, hapo kweli tafuta moto. Nina njia ninayoipenda: ngoja usiku uingie, washa injini mahali pa giza, pulizia maji kwa chupa ya kupulizia nguo kwenye koili, waya na kofia ya plagi. Usishike waya kwa mkono. Moto ukivuja utauona, vicheche vya buluu vinatambaa juu ya waya, na injini inayumba papo hapo. Badilisha kilichovuja, paka grisi ya umeme ndani ya kofia, basi. Jua pia kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji ya mvua, kwa hiyo waya uliovumilia madimbwi ya Gongoni unaweza kukusaliti kwenye kidimbwi kidogo tu kilichoachwa na bamvua pale ufuoni.

Sasa lile ninaloliogopa. Kwadi ikizimika ghafla ndani ya maji, kwa kishindo au bila kishindo, ondoa kidole kwenye stata. Nakuomba sana. Inawezekana maji yamepita kwenye chujio la hewa na kuingia kwenye silinda, na maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikipanda ikayakuta, kinachopinda ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni, na hapo umenunua injini. Nimemwona kijana akibonyeza stata mara sita kwa sababu mgeni alikuwa na haraka ya kurudi hotelini. Mara ya sita ilisikika "tak", na kwadi ile haikufanya kazi msimu mzima.

Ivute hadi pakavu. Fungua boksi la chujio: likiwa kavu ndani, una bahati. Likiwa limelowa, toa plagi, kofia yake iweke mbali na tundu la silinda na uiunganishe na chuma cha injini, sogeza uso wako pembeni, ndipo uzungushe stata kidogo kidogo. Maji yataruka kama ya nyangumi. Endelea hadi tundu litoe ukungu tu. Halafu kagua oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage, weka mpya, washa dakika tano, imwage tena. Mara nyingine hata mara ya tatu. Ni gharama, lakini oili yenye maji hula beringi polepole, na utakuja kulia miezi miwili baadaye bila kujua sababu.

Difu (boksi la gia kwenye ekseli ya magurudumu) na gea boksi nazo zina vipumulio. Chuma cha moto kikizama kwenye maji baridi hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji, kwa hiyo mipira yake nayo ipandishe juu.

Kuhusu kina, sheria yangu ni maji yasipite mahali pa kuwekea miguu. Na mdomo wa mto Sabaki hatuvuki, hata mgeni abembeleze vipi. Yale maji ni mekundu kwa tope, chini huoni, na viboko wapo. Tunazunguka darajani.

Ukirudi kutoka ufuoni, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na usitumie mashine ya presha karibu na beringi wala kava la mkanda. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvichumvi, kwa hiyo onja kwanza, au tumia ya mfereji. Bonyeza breki mara kadhaa ukitembea polepole hadi zishike. Kisha vuta kijiti cha oili uitazame rangi yake kwenye mwanga, siku ile ile, kabla hujaifunika kwadi turubai.