Kwa wanaoanza kuchimba mashimo kwenye udongo mfinyanzi wa nyanda za malisho

Juma lililopita nilifungua madaftari ya vijana watatu tulionao msimu huu katika kikosi chetu cha kuchunguza udongo, na katika yote matatu nikakuta sentensi moja, kana kwamba walinakiliana: "Udongo mfinyanzi mweusi, wenye rutuba nyingi, maji hupenya kwa haraka." Sentensi hiyo ina makosa mawili na nusu. Ninayafahamu vizuri kwa sababu niliwahi kuiandika mwenyewe, kwa penseli iliyochongwa vyema, kabla ya ninyi kujua keekee hushikwa upande gani. Sikuwagombeza. Nimeona heri niandike, kwa kuwa nikisema huwa napandisha sauti.

1. Andikeni hali ya unyevu kabla ya jambo lingine lolote. Hiyo ndiyo nusu ya kosa: rangi nyeusi mliiona sawasawa, lakini hamkusema kama bonge lilikuwa kavu au bichi, na bonge hilo hilo likilowa huteremka katika chati ya Munsell, ile ya kulinganishia rangi za udongo, hadi safu nyingine. Udongo mzito wa ngazi za mto, yaani zile sehemu tambarare ambazo mto uliziacha juu ulipojichimbia njia mpya chini, una tabia mbili zisizofanana hata kidogo. Wakati wa kiangazi una nyufa zinazoumeza mkono hadi kiwikoni, na mvua zikikolea huvimba na kujifunga hadi usiamini kwamba uliwahi kupasuka. Chanzo ni madini ya smektiti, ambayo matabaka yake membamba huachana kuruhusu maji kuingia katikati, kisha hurudi kubanana maji yakiondoka. Bonge lenye urefu wa sentimita 10 likiwa bichi, likikauka na kubaki na sentimita 9.4 hivi, tayari limevuka mpaka wa kuitwa udongo wenye mnyweo mkubwa. Jumlisheni upungufu huo katika ngazi nzima yenye kina kinachozidi sentimita 150, mtaelewa kwa nini nguzo za uzio huinama kila moja upande wake na kwa nini mizizi minene hukutwa imekatika bila kuguswa na jembe. Kwa hiyo ugumu, uzito kwa ujazo, muundo na upenyaji wa maji, vyote vikiandikwa bila hali ya unyevu, havimwelezi msomaji chochote.

2. Weusi si rutuba. Kaboni ya viumbe katika udongo huu mara nyingi haifiki hata asilimia 2, na weusi wake hutokana na namna kiasi hicho kidogo kinavyogandamana na chembe za ufinyanzi. Una akiba nzuri ya kalisi na magnesi, hilo nalikubali, lakini naitrojeni na fosforasi zipimwe maabara, zisikisiwe kwa macho. Tena udongo huu hujimeza wenyewe: vumbi jeusi la juu huanguka ndani ya nyufa, na mwaka unaofuata mtu anachimba, anakuta ulimi mweusi kwenye sentimita 90, anaandika kwa furaha kwamba amegundua tabaka la kale lililozikwa na mafuriko. Kwenye ngazi za mto tabaka za namna hiyo zipo kweli, ndiyo maana kosa hili linashawishi. Tofauti ni kwamba tabaka lililozikwa huambaa kwenye kuta zote nne za shimo, ilhali ulimi wa ufa huonekana ukutani mara moja, ukachongoka, ukapotea.

3. Kuhusu pete za kupimia upenyaji, yaani zile za chuma zinazopigiliwa ardhini na kujazwa maji ili kuona yanashuka kwa kasi gani. Hapa itanibidi nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Nilikuwa katika msimu wangu wa pili, wakati ambao mtu hujiona amekwisha kuhitimu. Mwishoni mwa kiangazi tulipelekwa kwenye ngazi pana ya mto, kuueleza udongo wa eneo ambalo wafugaji walitaka kulipumzisha na kulipanda nyasi upya. Uso wake ulikuwa umefunikwa na punje ndogo ngumu, unene wa vidole viwili, zile ambazo udongo huu hujitengenezea kwa kulowa na kukauka mara kwa mara, na ambazo huficha nyufa kama mkeka unavyoficha shimo la sakafu. Nilichimba shimo langu, nikalieleza, kisha hatua tatu kutoka hapo nikapigilia pete mbili na kuzijaza maji. Yakashuka. Nikaongeza, yakashuka tena. Nilifurahi mno, kwa kuwa nilichukia kukaa juani nusu siku nikisubiri kipimo kitulie, na mbele yangu niliona udongo wa ajabu unaokunywa dumu zima bila kupumua.

Ndipo niliposikia mchuruziko nyuma yangu. Nikageuka, nikaona ukuta wa shimo langu, kama sentimita 70 chini ya uso wa ardhi, unatoa maji. Hayakuwa mengi: mchirizi mwembamba wa tope uliotoka kwenye mpasuko, ukapita juu ya vibao nilivyochomeka kuonyesha mipaka ya tabaka, ukafanya dimbwi sakafuni, pale pale nilipoiweka chati ya rangi. Niliiokoa chati, nikaikung'uta, nikaianika. Kisha nikarudi kwenye pete na kuiandika namba, jambo ambalo hadi leo likinijia usiku hujifunika uso.

Nilijua. Msidhani sikujua. Maji niliyoyamimina huku yalikuwa yakitokea kule mbele ya macho yangu, lakini namba ilikuwa nzuri, jua lilikuwa kali, na fomu ilikuwa na nafasi moja tu ya kujaza. Nikajiambia kwamba maji yameingia ardhini, na hicho ndicho nilichotumwa kupima. Nilipoandika ripoti, kosa likazaa: nikashauri kwamba hakuna haja ya vizuizi vya kupunguza kasi ya maji, kwamba mbegu zirushwe kabla ya mvua ya kwanza, na kwamba mifugo inaweza kurudishwa mapema baada ya kila mvua kwa sababu udongo hukauka haraka. Mkuu wangu alitia sahihi kwa kuniamini.

Mvua mbili za kwanza zilizama zote katika nyufa kama nilivyosema, nami nikatembea kifua mbele. Kufikia juma la tatu nyufa zilikuwa zimefunga. Maji yakasimama, kwenye vibonde yakifika kifundoni, yakakaa siku nyingi bila dalili ya kupungua. Mbegu zilizoangukia ndani ya nyufa zilikuwa chini mno kuweza kuchipua, na zilizobaki juu zilielea hadi ukingo wa ngazi, zikalala pale mstari mmoja kama makapi. Ng'ombe wakaingizwa kwa mujibu wa ripoti yangu. Kila kwato ilizama na kutoa bakuli, na ardhi ilipokauka mabakuli hayo yakawa magumu kama vyungu vilivyochomwa, hata kutembea juu yake kukawa mateso kwa mtu na kwa mnyama. Mzee mmoja mfugaji aliniuliza kwa upole, bila hata kuniangalia: "Mwanangu, ulisema maji yanaingia. Yanaingia wapi?" Jioni hiyo nikamweleza mkubwa wetu wa kikosi habari za mchirizi ule shimoni. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Hukupima udongo. Ulipima ufa."

Kwa hiyo, wadogo zangu, udongo huu una vipimo viwili vya upenyaji na vyote viwili viandikwe: ule wa nyufa zikiwa wazi, ambao hauna mwisho unaoeleweka, na ule wa nyufa zikiwa zimefunga, ambao kwa kawaida ni milimita chache tu kwa saa, na mahali penye sodiamu nyingi haufiki hata milimita 1. Lowesheni sehemu ya kupimia siku moja au mbili kabla. Ondoeni punje za juu kwa mkono mwone mnapigilia pete juu ya nini. Shimo lichimbwe baada ya kipimo, na mbali. Jana nilimkuta mmoja wenu akiongeza dumu la tatu huku akitabasamu, nikalazimika kwenda kuzunguka gari mara mbili kabla ya kuweza kuzungumza naye.

4. Msidanganywe na wingi wa maji ambayo udongo huu unaweza kuhifadhi. Hata nyasi zinaponyauka, huwa bado umeshikilia maji yanayokaribia robo ya ujazo wake, nayo mmea hauwezi kuyang'oa. Katika nyanda nusu kame, ambako mvua nyingi ni za milimita 10 au chini ya hapo, maji huishia kwenye sentimita chache za juu na kurudi hewani jua likitoka, wakati mvua iyo hiyo kwenye mchanga ingezama mahali ambapo jua halifiki. Ndiyo maana mwaka wa mvua haba nyasi za ngazi hunyauka kabla ya zile za miinuko ya kichanga, na mwaka wa mvua kubwa mambo hugeuka. Mkifika eneo mara moja tu, waulizeni wafugaji mwaka huo ulikuwaje kabla ya kuandika lolote kuhusu hali ya malisho.

5. Udongo bichi ukikamuliwa kati ya kidole gumba na cha shahada ukatoa utepe unaozidi sentimita 5, ni ufinyanzi, msibishane. Tone la asidi ya haidrokloriki likitoa povu, kuna chokaa. Fuwele zinazong'aa bila kutoa povu huenda ni jasi. Nyuso laini zenye michirizi, zilizoinama kati ya nyuzi 10 na 60, ni alama za mabonge kusuguana, si kazi ya koleo lenu.

6. Sodiamu haionekani, lakini hujisaliti. Tieni punje kavu ndani ya maji yaliyokenekwa na msitikise chombo. Utaratibu huu aliuchapisha mtaalamu wa udongo Emerson mwaka 1967, na hadi leo sijaona kipimo cha shambani kilicho rahisi kama huo. Punje ikimomonyoka tu, hiyo ni tabia ya kawaida. Maji yanayoizunguka yakigeuka kama maziwa, chembe zinatawanyika, na udongo huo utaziba kila tundu mvua ikinyesha. Maabara huuita wa sodiamu ikifika asilimia 15 ya nafasi za kubadilishana, yaani zile ambazo chembe za ufinyanzi hushikilia kalisi, magnesi na wenzake, ingawa wapo wanaoanza kuwa na wasiwasi kwenye 6. Ila msitumie maji ya chupa ya kunywa. Yana chumvi, na chumvi huzuia chembe kutawanyika. Mmoja alitumia ya kwake, akapata matokeo mazuri katika eneo zima, na tena akaishiwa na maji ya kunywa.

7. Fukieni mashimo siku ile ile, na mrundike udongo hadi uwe kichuguu. Mliouchimba ukiwa na mabonge makavu utashuka mvua zikija, na shimo lililofukiwa sawasawa na uso wa ardhi litakuwa mtego wa ndama kabla ya mwezi kwisha. Lile la juzi karibu na mti mkubwa nimelikuta liko wazi. Kesho kabla ya gari kuondoka, nataka kuona kichuguu.