Re: Kwa nini Alice aliachwa bila mlinzi kwenye 28 Weeks Later?

Mkuu, umeuliza kwenye 28 Weeks Later, muvi ya virusi vinavyowageuza watu kuwa wauaji wenye hasira, Don aliwezaje kumfikia mkewe Alice peke yake. Nusu ya jibu imo ndani ya muvi: Don ndiye msimamizi wa majengo, na kadi yake inafungua karibu kila mlango. Nusu ya pili haina jibu kabisa. Scarlet, daktari wa jeshi, ameshagundua kuwa Alice ana virusi lakini haugui, yaani ndiye mtu wa hatari kuliko wote pale London na wakati huohuo ndiye tumaini la kupata tiba. Jeshi la Marekani limepanga wadunguaji juu ya mapaa, halafu mlangoni kwake hakuna hata askari mmoja! Na kadi ya msimamizi wa majengo inafunguaje chumba cha karantini?

Watoto wao kuvuka daraja na kutoka eneo salama nakubali, maana mdunguaji Doyle aliwaona akatoa taarifa.

Kinachoniuma zaidi ni kuwasukumia raia wote kwenye chumba kimoja chenye giza, Don, ambaye ameshaambukizwa na Alice, akapata mlango wa kupenyea. Ugonjwa huu unamgeuza mtu kwa sekunde chache tu. Kila familia ingejifungia kwake, maambukizi yangekomea kwenye korido.