Usimwage tina kwenye D9R yako: soma hili kabla hujafungua chupa

Mkuu, weka hiyo chupa chini kwanza.

Umeandika kwamba D9R yako, lile katapila la deraya la jeshi la Israeli, modeli ya plastiki ya kampuni ya Meng kwa kipimo cha 1/35, imeshaunganishwa yote, cheni zimekaa, rangi ya mchanga umeipiga jana, na leo jioni unataka kuiogesha woshi (rangi nyepesi kama maji inayoingia kwenye mianya) ya kahawia iliyochanganywa na tina ili ipate uchafu wa haraka. Halafu ukauliza rangi sahihi ya jeshi la Israeli ni ipi, bledi (lile bamba kubwa la mbele la kusukumia) ing'aeje, kifusi cha mbele kitengenezweje, na kama inafaa kuongeza deraya ya vyuma vya wavu. Maswali mazuri, ila yasubiri. Ukimwaga hiyo tina leo, kesho hutakuwa na katapila la kuliwekea kifusi. Utakuwa na kifusi tu.

Tina yenyewe haina mjadala. Tina ya rangi za magari kwa kawaida ni mchanganyiko wa vitu kama tolueni na asetoni, na polistaireni, yaani plastiki ya modeli yako, inayeyuka humo. Gundi nyembamba ya modeli inashika kwa njia hiyo hiyo: inayeyusha kingo mbili, zinachanganyikana, kimiminika kinapaa, kinabaki kipande kimoja. Kwa hiyo anayemwagia tina modeli iliyokamilika anaimwagia gundi. Rangi itakunjamana, kona za mabamba zitalainika, na vile vichwa vya bolti vinavyofanya deraya ya D9 ipendeze vitabaki kama chunusi. Huyo muuza rangi aliyekwambia "tina ni tina tu, zote zinachanganya rangi" amezoea bampa na milango ya geti. Hajawahi kushika kipande chenye unene wa nusu milimita. Msalimie, nunua msasa kwake, ushauri mwachie.

Najua utajibu: basi nitatumia waiti spiriti. Hapo ndipo shimo lenyewe lilipo, na mimi nililitumbukia, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa ukali.

Waiti spiriti haiyeyushi polistaireni mbele ya macho yako. Unaijaribu kwenye kipande kilicholala mezani, hakuna kinachotokea, unajiambia ni salama. Lakini kipande kilicholala mezani hakina mkazo. Plastiki iliyopinda, iliyobanwa na pini, au iliyosukumwa kwa nguvu mpaka ikaingia ndipo ikatiwa gundi, ina mvutano ndani yake saa zote. Kimiminika kikifika pale kinaingia kwenye vinyufa visivyoonekana, molekuli zinalegea kushikana, na ule mvutano unamalizia kazi. Ubaya ni kwamba haipasuki saa ile ile. Unamaliza kupaka, unapiga picha, unalala. Asubuhi unainua modeli, na cheni inabaki mezani. (Tapentaini halisi, ile ya utomvu wa msonobari, ni kali zaidi kwa polistaireni. Iache kabisa, hata ikiwa ya bure.)

Sasa angalia D9R imekaaje. Sproketi yake, gurudumu la meno linaloendesha cheni, iko juu, muundo ambao Caterpillar waliuanza na D10 mwaka 1977, ndiyo maana cheni inakaa pembetatu. Kwenye modeli maana yake ni kona tatu za kupinda badala ya mbili. Cheni za seti hii zinaunganishwa pingili moja moja na zinazunguka, na karibu kila fundi anayeziweka huzikaza kidogo ili zisilegee upande wa juu. Pale zinapozunguka sproketi na magurudumu mawili ya mwisho, kila kiungo kinavutwa. Hapo ndipo woshi inapopenda kukusanyika, kwa sababu kuna mianya, na mianya inanyonya kimiminika.

Sehemu ya pili ni mikono ya bledi. Bledi ya D9R ni kipande kikubwa, inaning'inia kwenye viungo vyembamba na silinda za haidroliki. Kama uliacha ipande na kushuka, pini zake zinabeba uzito muda wote. Ya tatu ni ripa, ile kucha ya nyuma ya kuchimbulia ardhi. Ya nne, ambayo watu huisahau, ni kona za kibanda: mabamba ya deraya yakikataa kukutana vizuri watu huyabana kwa klipu mpaka gundi ishike, kisha wanashangaa mstari wa ufa unapotokea kwenye kona wiki moja baada ya woshi. Na vioo! Vipande vya kuonea ni polistaireni pia, tena vikipata nyufa ndogo ndogo zinaonekana kote, huwezi kuzificha kwa tope.

"Lakini nimeshapaka rangi, si inalinda?" Inalinda upande uliopaka. Je, ndani ya kibanda ulipaka? Mgongo wa pingili? Ndani ya tundu la pini? Hapana, hakuna anayepaka ndani ya tundu la pini. Woshi unayoigusisha nje inavutwa na mwanya mpaka upande wa pili, ambako plastiki iko tupu, na kule haikauki haraka kwa sababu hewa haipiti. Jambo hili wale wa video hawalisemi. Anachukua brashi pana, anaimwaga woshi mpaka inatiririka, muziki unapigwa, sekunde tatu baadaye modeli imekauka na inapendeza. Hakuambii kwamba alipiga laka ngumu tabaka mbili kabla, kwamba cheni zake ni za chuma alizonunua kando, wala kwamba bledi haikuwepo wakati anapaka. Ukimuuliza kwenye maoni anakujibu kwa emoji ya moto. Moto ndio ulioutaka, haya.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na ukisahau mengine yote shika hii: kimiminika cha mafuta kisiguse plastiki tupu. Kisiguse nje, kisiguse ndani, kisiguse kwenye tundu.

Kabla ya kutumia chupa yoyote mpya, hata ya kampuni ya modeli yenye jina kubwa, fanya jaribio hili. Chukua fremu iliyobaki baada ya kukata vipande, kata urefu wa kama sentimita 8, ipinde upinde, ifunge kwa uzi au ibane kwa kibanio cha nguo ibaki imepinda. Tia tone la kimiminika mgongoni mwa upinde. Iache usiku kucha. Ikikatika au ikitoa mistari myeupe, hicho ndicho kitakachotokea kwenye mikono ya bledi. Tumia fremu ya seti hiyo hiyo, maana plastiki hazifanani. Jaribio halina gharama yoyote, na bado watu hawalifanyi. Sijui kwa nini.

Sasa utaratibu. Toa bledi, ripa na cheni kama zinatoka. Kama uligundisha, sawa, lakini usizilazimishe. Piga vanishi ya kung'aa, tabaka mbili nyembamba, na safari hii elekeza eabrashi (kile kibomba cha kupulizia rangi) kutoka chini na kutoka nyuma pia: ndani ya fremu za cheni, chini ya kibanda, mgongo wa bledi. Vanishi ya maji au ya akriliki kama Tamiya X-22 inatosha. Ipe saa 24. Kama uko Dar au Mombasa wakati wa masika ongeza siku nyingine, na usipige laka siku ya unyevu mwingi, itakuwa na ukungu mweupe na utanilaumu mimi. Vanishi ya kung'aa inasaidia pia woshi iteleze hadi kwenye kona badala ya kunywewa na rangi na kuacha madoa.

Woshi yenyewe: rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia iliyokolea na kidogo cha nyeusi. Iweke kwanza juu ya kadibodi nusu saa ili mafuta yanywewe, halafu sehemu 1 ya rangi kwa sehemu 8 hadi 10 za waiti spiriti isiyo na harufu. Hiyo isiyo na harufu imeondolewa sehemu kubwa ya viambato vikali, ndiyo maana ni pole zaidi. Pole, sijasema salama. Unagusa ncha ya brashi namba 0 kwenye mzizi wa bolti au mstari wa bamba, tone linakimbia lenyewe, basi. Likizidi, linyonye kwa brashi kavu papo hapo. Fanya upande mmoja, weka feni mbali kidogo ipeperushe hewa, kapumzike, kisha rudi upande mwingine. Ukiona kimiminika kimetengeneza kidimbwi popote, umeshakosea.

Na cheni? Cheni usiziguse kwa mafuta kabisa. Cheni zipakwe woshi ya akriliki, ya maji, tone la sabuni ya vyombo ndani ili iteleze. Inafanya kazi ile ile. Wataalamu watakuja hapa chini kusema woshi ya maji haichanganyiki vizuri kwenye kingo. Ni kweli kwenye bamba pana. Kwenye cheni iliyojaa vumbi na tope nani ataona kingo? Waache waje, mimi sibadiliki hapo.

Kama umeshamwaga kabla ya kusoma hapa: usifute, usiinue kwa cheni, usijaribu kuzungusha sproketi. Iweke juu ya kitu kinachobeba fremu katikati ili cheni zisibebe uzito, na bledi iwekee kiegemeo chini. Iache siku mbili. Pini zilizokatika usizigundishe upya kwa gundi ya modeli, plastiki ile imeshadhoofika. Toboa kwa keekee ndogo ya mkono, kijiti cha 0.5 mm, kisha weka uzi wa gita, ule wa G wa chuma usiozungushiwa, wa inchi 0.017. Ni kama mm 0.43, unaingia vizuri, haukatiki, na unapatikana kwenye maduka ya vyombo vya muziki. Supagluu tone dogo mwisho wa pini tu, upande mmoja, la sivyo cheni inakuwa sanamu.

Bledi: bahati nzuri haihitaji kimiminika chochote. Makali ya chini ya D9 ni vipande vinavyofungwa kwa bolti na kubadilishwa vikiisha, kwa hiyo hapo na theluthi ya chini ya uso wa bledi ndipo chuma kinang'aa. Saga penseli ya 6B, chukua unga kwa kidole, sugua. Fanya hivyo pia kwenye kucha ya ripa, kwenye meno ya pingili yanayogusa ardhi, na kwenye njia ya rola, vile vigurudumu vya chini ya cheni. Usipake fedha. Usitie kutu ya rangi ya chungwa kwenye sehemu inayosuguana na mchanga kila siku, kutu haipati nafasi ya kukaa. Vijiti vya silinda za haidroliki ni kromu safi, visiwe na kutu wala vumbi jingi. Grisi kidogo kwenye viungo.

Rangi iliyobanduka: rangi umeshapiga, kwa hiyo njia ya spreyi ya nywele (inayopigwa chini ya rangi ya juu ili ibanduke kirahisi) imekupita, gusisha rangi kwa sponji. Ila fikiria chini kuna nini. Trekta linatoka kwa Caterpillar likiwa la njano, deraya inaongezwa baadaye Israeli. Fremu ya cheni na mikono ya bledi vikionyesha njano chini ya mchanga, inaeleweka. Kibanda cha deraya kikionyesha njano, hujui unachojenga. Pale ni praima au chuma cha kahawia.

Kifusi: plasta iliyovunjwa, mchanga uliochekechwa, gundi nyeupe ya mbao na maji. Vumbi liwe kijivu-nyeupe la zege, maana mashine hii inajulikana kwa kubomoa nyumba za Wapalestina, na ukiijenga vizuri utajikuta unalazimika kufikiria hilo pia. Ule udongo mwekundu wa nyuma ya nyumba yako Iringa hauko Gaza, usiulete. Na sproketi, kwa kuwa iko juu, isijae tope. Tope liwe chini kwenye rola.

Halafu kuna unga wa rangi wa kuleta vumbi. Watakwambia uushikishe kwa nini? Kwa waiti spiriti, bila shaka, tena "tone tone mpaka ulowe". Kwenye mianya ya cheni. Baada ya kazi yote hii! Tumia maji yenye tone la gundi nyeupe, au upige vanishi ya matte, isiyong'aa, kutoka mbali. Ukikuta chupa imeandikwa "kishikizo cha unga", inuse kwanza. Ikinuka mafuta, rudi kwenye fremu iliyopindwa.